Nilipoandika kuwa "fupi" ni "isiyo refu"

Karatasi mbili zilirudi kwangu zimebanwa kwa pini moja. Ya kwanza ilikuwa na kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi, "-fupi", ambacho nilikuwa nimekieleza kwa maneno mawili tu: "isiyo refu". Ya pili ilikuwa na "-refu", nacho nilikuwa nimekiandikia "isiyo fupi". Mhariri hakufuta chochote. Alichora mshale kutoka karatasi ya kwanza kwenda ya pili, akachora mwingine wa kurudi, kisha akaandika pembeni kwa penseli: "Asiyejua hata moja kati ya haya mawili ataingilia mlango gani?"

Nilikaa na karatasi zile hadi jioni. Kufikia siku hiyo nilikwisha kukabidhi vidahizo zaidi ya 400, na vingi nilikuwa nimevieleza kwa mtindo huo huo. Nilijua papo hapo kwamba nitavirudia, na kwamba marudio hayalipwi.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeanza kutunga kamusi, iwe ya lugha nzima, ya fani moja, au hata faharasa ya kurasa mbili mwishoni mwa kitabu. Mimi ilinigharimu miezi mitatu ya kurudia kazi, na usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Nilikuwa nimepewa vivumishi, na baadhi ya nomino. Katika kikosi chetu watu waliamini kwamba vivumishi ni kazi nyepesi: vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache ukilinganisha na nomino na vitenzi, na karibu kila kimoja kina mwenzake. Malipo yalihesabiwa kwa kidahizo kilichokamilika na tarehe ya kukabidhi ilikuwa karibu. Sasa mtajie mtu "nyeusi" ghafla, uone kinachomtoka mdomoni kabla hajafikiri: "nyeupe". Kichwa kimezoea jozi. Nilikuwa naandika kinachonijia kwanza, na kwa kuwa kilikuwa kweli, nilidhani kinatosha. Ni kweli kwamba kilicho kifupi si kirefu. Ila ukweli wa sentensi ni jambo moja, na kumfikisha msomaji kwenye maana ni jambo jingine.

Baadaye niligundua kwamba onyo hili ni la kale mno. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha kufundisha kwamba ni kosa kueleza kitu kwa kinyume chake, mathalani wema kwa uovu, kwa sababu vinyume hujulikana pamoja. Hakuna kinachotangulia ili kikibebe kingine. Alikiri pia kwamba vipo vichache ambavyo huenda haviwezi kuelezwa vinginevyo, kama maradufu na nusu. Laiti ningalisoma hayo kabla ya kuanza, ningaliokoa miezi yangu.

Nilipoanza kurudia, kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba dawa ni kukwepa vinyume kabisa. Nilifuta kila "isiyo" na kila "kinyume cha". Wiki mbili nilihangaika kueleza "giza" bila kutaja mwanga, na nilichopata ni sentensi ndefu isiyoshika chochote. Mhariri akanipigia simu. "Ndugu yangu," akasema, "giza ni nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Ni hali ya kukosa mwanga." Akasema, "Basi andika hivyo. Lakini usithubutu kuniandikia kwamba mwanga ni hali ya kukosa giza."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jozi ya vinyume haina pande mbili zilizo sawa. Upande mmoja hubeba, mwingine hubebwa. Mwanga upo, unatoka mahali, unaweza kupimwa. Giza ni jina la pale usipofika. Kwa hiyo unaweza kueleza giza kwa mwanga, na mwanga utauwekea miguu yake yenyewe: jua, moto, taa, kile kinachowezesha macho kuona.

Namna rahisi ya kujua upande unaobeba niliipata katika maswali ya kila siku. Mtoto akisimamishwa ukutani apimwe, tunauliza urefu wake, hata awe mfupi namna gani. Hatuulizi ufupi wake. Mfuko wa pamba tunauliza uzito wake, uzi mwembamba tunauliza unene wake. Jina la kipimo chenyewe limetoka upande mmoja wa jozi, na upande huo ndio mwenye nyumba. Ndiyo maana "-fupi: -enye urefu mdogo kuliko vitu vya aina yake" inasimama, lakini "-refu: -enye ufupi mdogo" inaanguka hata kabla hujamaliza kuisoma. "-refu" lazima itafutiwe ardhi: umbali mkubwa kutoka ncha moja hadi nyingine, au kutoka chini hadi juu.

Na hayo maneno "kuliko vitu vya aina yake" si pambo. Tembo mdogo ni mkubwa kuliko sisimizi yeyote mkubwa. Vivumishi vya namna hii havina kiwango kimoja. Vinahama na kitu kinachosifiwa. Ukisema tu "kubwa ni isiyo ndogo" umelificha jambo hilo lote.

Kuna shimo jingine hapo hapo. Maji yasiyo moto si lazima yawe baridi. Lugha yenyewe imetupa neno "vuguvugu" kwa ajili ya yale ya katikati. Asiye mrefu huenda ni wa wastani. Lakini kiumbe asiye hai ni mfu, hakuna pa kusimama katikati. Mimi hujaribu kwa masikio. Nasema kwa sauti: "Si moto wala si baridi." Inakubalika, kwa hiyo jozi hiyo ina ngazi, na kukanusha upande mmoja hakukupi upande wa pili. Nasema: "Si hai wala si mfu." Msikilizaji anashtuka, anasubiri maelezo. Hiyo ni jozi ya kukata, na huko "isiyo" ina nguvu kweli. Fanya jaribio hilo kabla ya kuandika. Linachukua sekunde chache tu.

Sasa niseme lile lililonipa furaha zaidi katika kazi nzima, kwa sababu sitaki mtu adhani ilikuwa mateso matupu.

Nilifika kwenye "-bichi". Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika "isiyoiva", nikapita. Safari hii nikajiuliza: kinyume chake ni nini? Nikajibu "-bivu", kama embe. Halafu nikasoma mifano niliyokuwa nimeikusanya. Kuni mbichi. Kinyume chake si kuni mbivu; ni kuni kavu. Nyama mbichi. Kinyume chake ni iliyopikwa. Nguo mbichi, zile zilizotoka kufuliwa zikaanuliwa kabla ya wakati. Kinyume chake ni nguo kavu tena, lakini ukavu huu ni wa maji ya kufulia, wala si wa utomvu wa mti. Neno moja, na kila linapobadilisha jirani linabadilisha adui. Nililiona neno lile likigawanyika mbele yangu, kila maana imesimama na kinyume chake mkononi. Mstari wangu mmoja wa "isiyoiva" ulikuwa umezifukia maana tatu.

Tangu siku hiyo kinyume kikawa kwangu chombo cha kuchimbia. "-kali": kisu kikali, kinyume butu, mbwa mkali, kinyume mpole. Basi ni maana mbili, na kila moja ipewe namba yake. "-gumu": jiwe gumu na kitu laini, mtihani mgumu na mtihani rahisi, mtu mgumu wa kutoa na mtu karimu. "-epesi": mzigo mwepesi dhidi ya mzito, lakini swali jepesi dhidi ya gumu. Usiulize "kinyume cha neno hili ni nini?" Uliza "kinyume chake ni nini katika sentensi hii?" kisha badilisha sentensi, uulize tena. Majibu yakitofautiana, una maana zaidi ya moja mikononi mwako. Yakifanana, usiharakishe kuzigawa.

Mifano hiyo ya sentensi usiitunge kichwani. Mimi niliitunga mwanzoni, na yote ilikubaliana nami, kwa kuwa ilitoka kwangu. Tafuta katika matini zilizoandikwa na watu wengine, na utafute kwa ujanja: vinyume hupenda kukaa katika sentensi moja kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu. Kiswahili kinakurahisishia kwa viunganishi vyake. Tafuta "kwa" inayounganisha jozi, kama katika "wake kwa waume", "wakubwa kwa wadogo", "matajiri kwa maskini". Tafuta "wala". Tafuta "si" ikifuatwa na "bali". Huko ndiko wasemaji wenyewe wanakokuambia neno gani wanalipambanisha na lipi.

Nilipomaliza vivumishi niliombwa nisaidie vitenzi, na nikaingia mtego mwingine, safari hii mtego mtamu. Kiswahili kina kauli ya kutendua. Funika, funua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tandika, tandua. Choma, chomoa. Tega, tegua. Ukiona kiambishi kile cha -u- au -o-, kinyume kimeshajengwa ndani ya neno, kana kwamba lugha imekuandikia kamusi. Nikaanza tena kuandika mbio: "fungua: kinyume cha funga".

Kisha nikakaa chini na "funga" peke yake. Mlango unafungwa, unafunguliwa; sawa. Mzigo unafungwa kwa kamba, unafunguliwa, sawa. Ndoa inafungwa. Je, inafunguliwa? La, inavunjwa. Safari inafungwa na haifunguliwi. Bao linafungwa, na baada ya hapo hakuna wa kulifungua. Nikageuza upande wa pili: fungua kesi, fungua akaunti, kifungua kinywa asubuhi. Hakuna hata kimoja hapo kinachoanza na kitu kilichokuwa kimefungwa kwa kamba au komeo. Mtoto na mzazi hufanana sura, lakini kila mmoja ana maisha yake.

"Pakua" ndiyo iliyonifunza zaidi. Niliiandika kuwa kinyume cha "pakia": kushusha shehena. Kweli. Lakini wengi wanalitumia neno hilo kila siku kwa chakula kinachotolewa chunguni na kutiwa sahani, na siku hizi kwa faili linalotolewa kwenye intaneti na kuhifadhiwa katika simu. Hakuna mtu anayepakia chakula chunguni. Kwa faili jozi imerudi, maana tunapakia na tunapakua. Kwa chakula jozi haipo. Ningaliacha "kinyume cha pakia" peke yake, msomaji angalitoka kwenye kamusi na neno la bandarini, akaenda nalo jikoni.

Pia usidanganywe na sura. "Chukua", "nunua", "ugua" na "sumbua" vyote vinaishia na -ua, wala hakuna kinachotenduliwa humo.

"Uza" na "nunua" nazo nilizitendea vibaya. Nilikuwa nimeandika kwamba kuuza ni kinyume cha kununua, nikaridhika. Lakini hakuna anayeuza bila mwingine kununua. Ni tukio moja linalotazamwa kutoka pande mbili za meza. Jozi ya namna hiyo ieleze tukio lenyewe: kuna bidhaa, kuna fedha, kuna anayetoa na anayepokea. Kisha onyesha msomaji amesimama upande gani. Fanya hivyo kwa kukopa na kukopesha, kufundisha na kujifunza, na utaona jinsi mistari inavyotulia.

Nafika sasa mahali panaponiuma hadi leo.

Tulikuwa na desturi ya kuwasomea watu wa kawaida rasimu zetu na kuwauliza kama wameelewa. Siku moja nilimsomea mama mmoja wa makamo maneno ya watu: yatima, mgeni, mjane, mseja. Niliposoma "mjane: mwanamke asiye na mume", alinyanyua mkono nisimame.

"Mwanangu," akaniambia, "asiye na mume ni hata binti ambaye hajaolewa. Ni hata aliyeachwa. Mimi nilikuwa naye. Akafa."

Hakukasirika. Alisema kwa upole, ndiyo sababu maneno yake hayajanitoka. Nilikuwa nimemweleza mtu kwa kitu asichokuwa nacho, nikakiacha kile alichokuwa nacho na kile kilichompata. Kilichomfanya mjane ni kifo, na kifo hakikuwemo katika mstari wangu hata kwa kudokezwa. Nilimwomba radhi. Tukaandika upya pale pale, yeye akisema nami nikiandika: "mwanamke aliyefiwa na mume". Neno moja, "aliyefiwa", likarudisha kila kitu. Na kwa mwanamume lugha ilikuwa na "mgane" tangu zamani, nami sikuwa nimelitaja.

Nilirudi nyumbani nikachambua kila neno linalohusu watu ambalo nilikuwa nimelieleza kwa "asiye". Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. "Mjinga: asiye na akili", wakati mjinga ni yule ambaye hajajua, na anaweza kujua kesho. "Mgeni: asiye mwenyeji", wakati mgeni ni mtu aliyefika, ana safari nyuma yake. Baadhi ya "asiye" hazikuepukika; "kiziwi" lazima itaje kusikia. Ila nilijifunza kwamba unapoandika kukosa, uandike kinachokosekana kwa usahihi, kwa kiasi gani na kwa njia gani, bila kuongeza hukumu. Na jiulize kama mwenye neno lile angelisoma angejitambua humo.

Kuna watu waliokwisha kupigana vita hii kwa neno kubwa zaidi. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, inaeleza afya kuwa ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, na si tu kukosekana kwa ugonjwa au udhaifu. Hilo "si tu" nililibandika mezani kwangu. Kwenye rasimu yangu afya ilikuwa "hali ya kutokuwa mgonjwa" na amani ilikuwa "hali ya kutokuwa na vita". Kwa amani nilipata shida kubwa. Niliandika matoleo saba. Lililobaki linataja utulivu, usalama na maelewano kwanza, na vita ikaja mwisho baada ya alama ya kinyume.

Kuhusu alama hiyo: tulikubaliana kwamba kinyume kisikae ndani ya maelezo ya maana, kikae baada yake, mahali pake maalumu, kwa kila maana peke yake. Huo ndio uamuzi wa kiutendaji ninaoushukuru kuliko yote. Msomaji kwanza anaambiwa neno ni nini, halafu anaonyeshwa linapambana na nani.

Mbinu mbili nyingine zilinisaidia, nazo nimeziazima kwa watunga kamusi za Kiingereza. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 iliyolenga wanaojifunza lugha iliandikwa kwa msamiati wa kueleza maana wa maneno yapatayo 2,000. Nami nilijiwekea orodha yangu ya maneno ya msingi, na nikaweka kanuni kwamba katika kila jozi ni upande mmoja tu, ule unaobeba, ndio unaoruhusiwa kuingia kwenye orodha. Mduara unakufa hapo, kwa kuwa upande wa pili hauna ruhusa ya kueleza chochote. Ya pili ni ile ya kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyoeleza maneno kwa sentensi nzima. Kiswahili kinaipokea vizuri sana kwa sababu ya -ki- yetu: "Kisu kikiwa kikali, hukata bila kutumia nguvu nyingi." Neno linakuja na jirani yake, na msomaji halazimiki kubahatisha ni ukali upi.

Neno la mwisho kukabidhi lilikuwa "kushoto". Nililiahirisha mara nyingi. Toleo la kwanza lilikuwa, bila shaka, "upande usio wa kulia". Nikajaribu moyo: upande uliko moyo. Lakini wapo watu waliozaliwa na moyo upande wa pili. Nikajaribu dira: upande wa kaskazini kwa mtu aliyeelekea mashariki. Nikafurahi, hadi nilipofungua karatasi yangu ya "kaskazini" nikakuta nimeandika "upande wa kushoto wa mtu anayetazama jua likichomoza". Mishale miwili ile ile ya penseli, ila safari hii niliiona mwenyewe kabla ya mhariri.

"Kulia" kulinipa fununu. Mkono wa kulia ni mkono wa kula nao. Neno limeshikamana na tendo ambalo mwili unalijua, halikungoja mwenzake. Nami nikatafuta kitu ambacho msomaji anacho tayari wakati huo huo anaposoma, asichohitaji kukifuata mahali pengine. Ilinichukua siku nne kukiona, nacho kilikuwa mbele yangu muda wote. Nikaandika, nikabana karatasi kwa pini, nikaipeleka:

"kushoto: upande ambako kila mstari wa ukurasa huu unaanzia."

Ilirudi bila alama ya penseli.